Plagi Ndani ya Leso

Alikuja Jumanne, theluji ikiyeyuka mabegani mwake,
akafungua leso juu ya kaunta yangu
kama anayeonyesha jino la mtoto.
Ndani mlikuwa na plagi. Nusu plastiki, nusu makaa.

"Hii," alisema Bibi Tsiala, "ilikuwa ya hita ya dada yangu."
Hakuongeza neno. Nami sikuuliza.
Kutaisi si mji mkubwa; moto ule wa ghorofa ya nne
tuliunusa sote hadi ng'ambo ya mto Rioni.

Nikamwonyesha, kwa mazoea, hita nyekundu.
Nikamwambia inapendeza, inatoka sana, bei yake chee.
Akaipindua kichwa chini kama kuku wa sokoni,
akakisoma kile kibati cha nyuma ambacho hata mimi
sijawahi kukisoma: volti, wati, muhuri wa ukaguzi.
Muhuri haukuwapo.
Akaupapasa waya kwa kidole gumba na cha shahada.
"Huu," alisema, "ni uzi wa kushonea vifungo."

Ya pili ilikuwa ya kijivu, nzito, sura ya mtu aliyenuna.
Akaomba niiwashe. Ikawaka, ikashika joto.
Kisha, mbele ya wateja wawili na mjukuu wa mmoja wao,
akaipiga teke.
Ikalala ubavu. Ikajizima: tak.
Mtoto akacheka. Bibi akanitazama mimi.
"Nifungie hiyo."

Majokofu aliyapigia hesabu nyuma ya karatasi ya mkate.
Mawili, kimo kimoja, weupe mmoja.
Moja lari mia tisa, linakunywa uniti mia nne themanini kwa mwaka;
jingine elfu moja mia mbili hamsini, uniti mia moja themanini.
Uniti moja, kwa bili yake, robo lari.
Penseli ikaenda, ikarudi, ikalambwa ncha.
"Miaka mitano kasoro," alisema,
"ndipo hili la ghali ligeuke rahisi."
Akanyamaza. Ana miaka sabini na minane.
Nilitafuta neno la adabu, nikalikosa.
"Basi faida ataila Lela," akasema. "Mimi nitakula siagi baridi."

Alilipa noti moja moja, kila moja akiinyoosha.
Waya wa kurefusha, zawadi ya duka, aliusukuma ukanirudia:
"Bure ya namna hii, mwanangu, naijua."
Akaikunja leso tupu. Plagi akaniachia.

Usiku, nyumbani, nilisogeza kabati la televisheni.
Nyuma yake, kwenye soketi moja, wamening'inia watano:
televisheni, taa, chaja mbili, pasi ya Manana,
wote wakinyonya waya mmoja mweupe
niliouleta mwenyewe kutoka dukani, wa bure.
Nikaugusa.
Ulikuwa na joto,
joto la mkono wa mtu
aliyekungoja muda mrefu gizani.