Kati ya Mbili na Tatu

Aliileta juu ya sleji ya mjukuu, Februari,
amplifaya imefungwa blanketi kama mtoto wa homa,
theluji imempanda hadi magotini,
na kabla hajavua glovu akaniambia: "Inakohoa."

Hakusema imeharibika. Inakohoa,
na spika ya kushoto hutoweka
kama mtu aliyetoka nje kupokea simu
akasahau kurudi.

Nikachomeka. Nikazungusha kifundo cha sauti taratibu:
khrrr, kimya, khrrr,
mchanga unaosagwa chini ya mlango.
Nikikitikisa, kushoto kunazinduka,
nikikiachia, kunazirai.

Mimi Vizma, fundi wa chumba cha chini Liepāja,
mtaa wa tramu (mji una njia moja tu, hupotei),
niliujua ugonjwa kabla ya kumfungua mgonjwa.
Vumbi na kutu, nikamwambia.
Spirit kidogo, kuzungusha mara thelathini,
njoo kesho, mama Skaidrīte, na euro kumi na mbili.

Kujua kwingi nako ni uziwi.
Nilinyunyiza, nikazungusha, nikahesabu kwa sauti,
thelathini, arobaini, sitini.
Usiku ule ilikohoa zaidi,
na dawa yangu ilikuwa imeosha hata grisi ya kiwandani,
kifundo kinacheza ovyo
kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.
Nikaona haya. Sikumpigia.

Siku ya pili nikashika mita, nikaweka kiburi rafuni.
Nikabadilisha nyaya za kuingilia, kulia kwenda kushoto:
kilio kikabaki kushoto.
Nikagonga kila tone la lehemu kwa kijiti:
hakuna lililoshtuka.
Basi nikakichomoa chenyewe, kidude cha ukubwa wa jozi,
nikakunjua masikio yake manne ya bati.

Ndani mna kiatu cha farasi cha kaboni nyeusi,
na kidole cha shaba kinachotembea juu yake.
Nikavaa kioo cha kukuzia.
Kuanzia nne hadi kumi kaboni inang'aa,
lami ambayo lori halijawahi kuipita.
Lakini kati ya mbili na tatu
pamechimbika, pamekwisha, ubao mweupe unanitazama,
upana wa ukucha.

Bandu, bandu.

Nilipomwonyesha alivua miwani, akavaa, akavua tena.
"Huyo ni Aivars," akasema.
Jirani. Ukuta mmoja. Zamu ya usiku kiwanda cha chuma,
mchana kutwa amelala,
na Voldemārs wangu alitaka muziki wake mchana.
"Miaka ishirini na sita. Hakutugongea ukuta hata mara moja.
Siku moja kwenye ngazi alituonea huruma,
akauliza mbona nyumba yetu haina muziki."

Spea mpya haipo, waliokuwa wakiitengeneza wamezeeka au wamekufa.
Nilipata moja Jelgava, ndani ya mashine iliyounguzwa na radi.
Nusu zake mbili hazilingani, nikakiri,
kushoto kutapiga juu kidogo.
"Vizuri," akasema. "Sikio lake la kushoto lilikuwa zito."
Voldemārs alizikwa Oktoba.

Nikawasha. Hakuna kikohozi.
Nikapandisha: nne. Tano. Saba,
ambako chombo hiki hakikuwahi kumfuata bwana wake,
na bisibisi zikaanza kutetemeka kwenye kopo,
na fidla ikajaa chumba hadi kwenye mabomba ya maji.
Akanidaka mkono.
"Polepole, binti!"

"Aivars yuko bado?"
"Alihamia kwa mwanawe. Mwaka wa kumi na nne huu."

Na huku akisema hivyo akakirudisha mwenyewe,
kwa vidole viwili, bila kutazama namba,
kikasimama palepale.

Kile kilichochakaa alikitia mfukoni mwa koti.
Nikamwandikia risiti:
kidude cha sauti, euro nane.
Usafishaji, bure. Kosa la fundi.