Kifungu cha Ngazi

Fomu ilitufikia Novemba, ina mistari mitatu.
Mtaa wetu una kaya mia sita na kumi na mbili,
na mawe ambayo hajapata mtu kuyahesabu.
Andikeni vipaumbele, alisema afisa wa Jiji,
kikomo cha bajeti mtaletewa baadaye.
Yaani shona kanzu kwanza, kitambaa kiko njiani.

Tulikutana Igogo juu, nyuma ya ghala la dagaa,
mimi mwandishi, daftari juu ya goti.
Budeba alitaka mfereji:
maji ya mvua yanapita chumbani kwake bila hodi.
Vijana wakataka taa, wakapiga makofi wenyewe.
Nyanzobe hakuinua mkono.
"Mama yangu," akasema, "tulimshusha kwa mlango.
Tuliung'oa chumbani, tukamlaza, watu sita.
Pale majabali yanapobanana
tukampokezana kama ndoo ya zege.
Gari lilikuwa chini, linanguruma, linatungoja.
Tulipolifikia, mama hakuwa na haraka tena."

Ziwa lilikuwa linameta kule chini, halijui lolote.
Hakuna aliyetaja taa.
Mstari wa kwanza niliandika: ngazi.
Wa pili: ngazi.
Wa tatu, kwa kumwonea haya Budeba, mfereji.

Januari fomu ikarudi na wino mwekundu.
Ngazi haina kifungu.
Kipo cha barabara, ila barabara sharti ipitishe gari.
Kipo cha majengo, ila jengo sharti liwe na paa.
Nikaelewa: fedha ya umma ina mlango,
na upana wa mlango huo ni neno moja.

Usiku ule Lugwisha, fundi sanifu wa kata,
alikalia debe, simu meno kwa meno ikimulika,
akafuta, akapuliza karatasi, akaandika:
*Njia ya waenda kwa miguu yenye mwinuko,
pamoja na mfereji wa pembeni.*
Budeba alicheka mpaka akakohoa.
Mfereji wake umepanda ngazi!

Fedha ziliingia Mei, nusu.
Na mwaka wa serikali hufa Juni thelathini;
shilingi itakayokutwa haijatumika huzikwa nao.
Basi mchanga tukaubeba kwa vichwa, usiku na mchana,
kokoto wakagonga akina mama, ujira wao maandishi tu.
Tulipiga zege la mwisho tarehe ishirini na tisa,
mvua isiyo ya msimu ikitutisha kutoka Kapripointi.

Ngazi themanini na nne.
Mchoro ulisema mia na sitini.
Zinapanda vizuri, zina kingo, watoto wanazihesabu kwa sauti,
halafu zinakoma kwenye jabali
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Nyumba ya Nyanzobe iko juu ya jabali hilo.

Novemba imerudi. Fomu mpya ina mistari miwili.
Nilipompelekea taarifa ya mkutano
sikuwa na pa kubisha:
mlango hajaurudishia bawaba.
Ameuegesha tu ukutani,
usije ukahitajika.