Seva ya Chini ya Ngazi

Julai, na baridi ya Nairobi haina adabu:
inaingia ofisini bila kubisha,
inakalia vidole vyangu kabla sijaandika amri ya kwanza.
Chini yetu misumeno ya wauza nyama wa Burma
inakata mifupa. Sakafu inatetema kidogo.
Seva iko chini ya ngazi, imefunikwa kanga
kana kwamba ni mgonjwa, au mkate.
Ubavuni imebandikwa utepe, mwandiko wa kalamu nene:
USIZIME. – Nyangweso.

Niliiuliza imekesha tangu lini.
Ikanijibu kwa herufi za kijani:
siku elfu moja mia tisa na kumi na mbili.
Stima imekatika mara ngapi humo katikati!
Jenereta ya friji za nyama imeibeba mgongoni.
Mimi nikikesha usiku mmoja na mtoto
asubuhi natia chumvi kwenye chai.

Bi Mwikali, mweka hazina, akavuta stuli.
"Hifadhidata mpya," akasema, akilitamka polepole
kama mtu anayehesabu noti za mwenzake.
"Ile ya kisasa. Wanachama wanataka kuona salio kwenye simu."
Nikasema sawa.
Sijui kwa nini nilisema sawa.

Maana hifadhidata mpya ilitaka maktaba mpya,
maktaba mpya ikataka kiini kipya,
na kiini kipya kikautazama mtambo huu juu hadi chini
kikasema hakiujui.
Nikaenda kwenye ghala la vifurushi vya zamani.
Ghala limehama. Mlangoni wameacha neno moja:
haipo.

Nilijaribu kulazimisha. Naungama.
Kuna amri ya kulazimisha, na saa nane mchana,
njaa ikinikwaruza, niliiandika.
Skrini ikanyamaza.
"Imekufa?" akauliza Mwikali.
Nikaweka kiganja juu ya kanga:
feni bado inazunguka, joto lipo,
joto la pekee chumba kizima.

Akakaa kimya, kisha:
"Kwani lazima iwe mpya?
Hakuna ya rika lake?"

Ya rika lake.
Miaka minne chuoni, na hakuna aliyeniambia hivyo.

Nikaitafuta ile waliyotahiriwa nayo msimu mmoja,
nikaipata mbali, kwa mtu anayetunza vitu vilivyotupwa.
Bando langu likaisha kwenye asilimia sitini na moja.
Lokwawi, bawabu, akanirushia la shilingi hamsini
hata asiulize ni la kazi gani.
Kisha nikaijenga kutoka kwenye msimbo wake mbichi,
dakika arubaini, mistari ikishuka mbio.
Sikuisoma. Nani huisoma?
Nilikuwa nachungulia neno moja tu, *kosa*,
na halikuja,
halikuja,
korongo akatua kwenye bati juu yetu, tukashtuka wote,
halikuja.

Tukamimina humo akaunti za miaka yote:
mia nne na wawili, wachinjaji, wabeba mizigo,
mama wa supu, kijana wa kunoa visu.
"Jaribu namba saba," akasema Mwikali.

Nikaijaribu.
Nyangweso, P.
Salio: shilingi elfu tatu mia moja hamsini.
Mchango wa mwisho: Machi, miaka mitano nyuma.
"Hakuja kuzichukua," akasema Mwikali,
"na mkewe alihama Dandora, hatujui alikoelekea."
Akaondoka kwenda kujibu simu
ambayo sikuisikia ikilia.

Safu ya mwisho ya jedwali ni ya hali ya mwanachama.
Kwenye namba saba imeandikwa: *hai*.
Amri ya kuibadilisha naijua, ni mstari mmoja,
na kidole kilikuwa tayari juu ya kibodi.

Chini, misumeno imezimwa. Wanamwaga maji sakafuni.
Nikairudishia seva kanga yake,
nikaukandamiza utepe pale ulipoanza kubanduka.