Rehani ya Kaitano

Kibao cha shaba, kipana kama kiganja changu nilipokuwa na miaka saba,
kilikaa kwenye sahani ya mizani, dukani kwa babu, Wete,
kwa kuwa jiwe la nusu ratili lilipotea
nacho kilikuwa na uzito uleule.
Karibu na uleule. Babu akilitamka hilo "karibu"
alikuwa akiangalia dari.

Kiliwekwa na Kaitano, Mgoa, fundi cherehani,
kwa yadi sita za marekani na vigurudumu vya uzi.
"Kimetoka Italia," alisema, "mama yangu alikifunga kangani.
Nitakuja kukikomboa kabla ya karafuu za vuli."
Karafuu zikachumwa, zikaanikwa, makonyo yakachomwa.
Ukaja mwaka ule, cherehani ikanyamaza.
Mkombozi akabaki rehani.

Juu yake mwanamke ameketi,
mtu mzima amelala mapajani mwake, ndevu zake,
mbavu za kuhesabika,
mkono mmoja unaning'inia nje ya shaba,
kama wa mtoto aliyesinziaye akibebwa.
"Nani kafiwa?" aliuliza Bi Mize wa Limbani,
akisubiri sukari.
"Bibi Maryamu."
Bi Mize akavuta ushungi, akanyamaza
mpaka chenji ikahesabiwa mara mbili.

Babu alisema: Kwetu sisi hakufa. Alinyanyuliwa.
Bibi, aliyezika wawili kabla ya baba yangu,
hakuinua macho kwenye ungo wa mchele:
"Najua. Lakini huyu bado hajaambiwa.
Mtazame."

Nyuma ya kibao mna shimo, na ndani ya shimo
alama ya dole gumba: fundi alibonyeza nta,
shaba ikamwagwa, dole likabaki.
Nilitia langu. Lilipwaya.
Sasa nina miaka hamsini na tatu, halitoshi kuingia.

Mizani tuliiuza kwa Mpemba mwenzetu wa Konde.
Kibao ninacho. Siku moja nilikipima posta:
kimepungua, kidogo, kiasi cha kuona haya.
Dhahabu imeshika kwenye mikunjo ya nguo,
kwenye jicho la mama,
ila kwenye ule mkono unaoning'inia hamna kitu, shaba tupu,
nyekundu, laini kama kokwa ya tende.
Kila aliyeupitia aliushika. Bibi kwanza.
Vidole vyake kisha vikazama kwenye gunia la sukari.

Nadhani tuliinywa. Kwenye chai ya asubuhi,
mtaa mzima,
tukasema leo imekolea.