Sauti ya Tatu

Bati nililiazima kwa Faki Shaame.
Lilikuwa paa la banda lake la kuku
na sharti lilikuwa moja: lirudi kabla ya mvua.
Nikalipandisha ngazi za klabu, pale Wete, juu ya duka la misumari,
likigonga kila kidato kana kwamba limeshaanza.

Walikuja kwa mazoezi ya Jumanne.
Bi Chumu na mto wake wa kukalia,
Mkasi na koo lake, kalifunga mtandio kwa kuogopa feni,
Salum na akodiani yenye tundu.
Nikawaambia: leo, kabla ya zile zetu, nina kitu.
Hakina maneno. Dakika ishirini na mbili.

"Kama bashrafu," akasema Bi Chumu.
"Kama," nikasema. Nikadanganya.

Uzi wa nne wa fidla niliulegeza
mpaka ukaning'inia kama kamba iliyoanikwa kanga mbichi,
na upinde sikuupitisha, niliukwangua,
kama mtu anayekwangua ukoko
kwenye sufuria ya kuazima.
Salum kazi yake ilikuwa kuuacha mvukuto uvuje.
Bati alilitikisa mpwa wangu Asaa,
aliyeambiwa "polepole" akasikia "sana".

Dakika ya tatu paka akatoka.
Dakika ya sita Bi Chumu akaninong'oneza,
mnong'ono wa mtu aliye karibu na mtambo:
"Kwani wimbo waanza saa ngapi?"

Ningemjibu nini?
Kwamba mwaka wa tisa huu niko kiwanda cha barafu,
zamu ya usiku, mimi na kompresa,
na nikirudi nyumbani sikio halirudi nami?
Kwamba ngurumo ile nimeijaribu katika rasti,
nimeijaribu katika bayati,
na kila mara imetoka imevaa nguo za harusi?

Dakika ya kumi na nne
fidla yangu na ya Hidaya zikasimama
karibu kabisa, bila kugusana,
na baina yao ikazuka sauti ya tatu,
inapigapiga, inapigapiga,
na hakuna aliyeishika.
Nilimwona Mkasi kafungua mdomo.
Hakuimba. Aliitafuta kwa pumzi,
chini kidogo, juu kidogo,
kama anayepapasa swichi umeme umekatika.
Akajitanda upya, akamfuata paka.

Tulipomaliza hapakuwa na makofi.
Friji la soda lilivuma pembeni
na Salum akacheka: "Hilo nalo umelifundisha?"
Ndipo Bi Chumu, ambaye akikasirika husema kwa mizani, akasema:

*Mwanangu nakusikia, mkono wako mzito,*
*Ila hujatupatia, pa kuweka yetu mito,*
*Wimbo nyumba twaingia, hodi yake ndiyo wito,*
*Wewe ukuta wavunja, wauliza: mmeona?*

Nikaukaza uzi. Tukapiga zile zetu,
na wallahi zilikuwa tamu, sikatai,
mguu wangu wenyewe ulizicheza bila kuniuliza.
Faki akapata bati lake.
Mvua haikunyesha mpaka Alhamisi.

Ijumaa alfajiri Mkasi alikuja kiwandani
kununua barafu, mapande mawili,
ya juisi ya harusi ya wifi yake.
Akasimama mlangoni na gunia.
Kompresa inaunguruma, na pampu ya maji ubavuni
inaifuata, karibu kabisa,
bila kugusana.

"Kumbe ndiye huyu," akasema.
Nikasema ndiye.
"Sikuupenda."
"Najua."
Akaliinua gunia. Akaliweka tena chini.
"Na usiniambie ulikuwa wimbo."
"Sikusema."

Akabaki pale, kichwa kakiinamisha,
mdomo wazi kidogo,
chini kidogo, juu kidogo,
maji yanamtiririkia kwenye ndara,
na huko harusini wanasubiri barafu.