Fomu ya Mwanzilishi

Fomu inauliza: mwaka wa kuanzishwa.
Kaka Vitalis anaitazama kalamu
kama aliyeulizwa ukungu ulizaliwa lini.
Tuko jikoni, Kilolo, mvua ya Januari inapiga bati,
chupa mia mbili tupu zimejipanga sakafuni
na lebo zimeshachapwa Iringa mjini:
ULANZI WA MGONGOLWA, na chini yake babu Zenobi
ndani ya koti aliloazima siku ya kipaimara cha baba.

Ninavyolijua mimi shamba, ni mashina sabini na moja
kutoka zizini hadi unapousikia mto.
Kila shina na jina lake.
Deni, lililowekwa rehani mwaka wa njaa, likakombolewa kwa mbuzi.
Mchoyo, kikombe kimoja kutwa, nacho kwa manung'uniko.
Mama Paroko, linalotiririka hata Kwaresima.

Asubuhi unakata ncha ya chipukizi, unene wa kucha,
unafunga mbeta, unaondoka.
Jioni unarudi, unakata tena palepale.
Ukiruka siku, kidonda kinapona,
na kikipona hakuna kinywaji.
Baba alisema hivyo bila huzuni,
kama mtu anayetaja bei ya chumvi.

Ukishuka tu ni wa watoto, mtamu, nyuki wanazama humo.
Kesho yake ni wa wakwe.
Keshokutwa unaitwa mkangafu, na mwenyekiti wa kitongoji
anaanza kutafuta viatu vyake mapema.
Nasikia wenye zabibu huhesabu miaka, gizani, kimya.
Sisi tunahesabu saa.

Vitalis hakukubali. Mwaka juzi alijaza chupa arobaini,
akakaza vifuniko kwa koleo, akapanda nazo basi la Dar.
Kitonga, kona ya tatu, joto likapanda kutulaki,
ikalia ya kwanza.
Halafu zote, kama harusi.
Konda alifika Mikumi ananukia kwetu.

"Andika Sekinyaga," anasema shangazi Gaudensia.
Hajainua macho, anamenya viazi.
Nani?
"Mama yangu. Mlidhani milanzi ilidondoka na mvua?"

Alikuja bibi harusi kutoka upande wa pili wa msitu,
siku mbili kwa miguu,
na mgongoni, mahali pa mtoto, amefunga tunguu la mlanzi
ndani ya kitambaa kilicholoa.
Wanawake wa hapa wakacheka: huyu kaja na mimba ya nje.
Akalipanda nyuma ya jiko, akalinywesha maji ya vyombo.
Miaka mitatu babu aliliita nyasi.
Wa nne akaonja.
Wa tano akasema, milanzi yangu.

"Sisemi alikuwa mwongo," anasema shangazi.
"Alikuwa mgema. Watu walimsifu.
Maji hakutia kwenye pombe,
aliyatia kwenye habari."

Mwaka gani, shangazi?
Anafikiri. Ganda la kiazi linashuka refu, halikatiki.
"Ulikuwa wa mvua kama hii."

Vitalis anaandika SEKINYAGA.
Herufi mbili zinatoka nje ya kiboksi.
Kwenye mwaka anaandika: kifuku,
anafuta, anaandika tena.
Kutoka kwenye lebo nyuso mia mbili za babu
zinatutazama ndani ya koti la watu,
na gundi, shilingi elfu themanini, imeshalipiwa.

Saa kumi na moja. Kisu kiko juu ya mlango,
mpini wake wa tatu, makali yake sijui ya ngapi.
Nakichukua. Kidonda hakingojei serikali.
Naanza, kama siku zote, na lile lililo nyuma ya jiko,
nene, lenye masizi,
shina pekee shambani
tusilowahi kulipa jina.