Mahojiano ya Kumi na Nne

Kinasa sauti nilikiweka juu ya kinu kilichopinduliwa,
nikakiviringishia mtandio wangu, maana mvua ya Tukuyu
haikubali kuachwa nje ya mazungumzo.
Leo nasikiliza chumbani kwangu, Soweto ya Mbeya,
na bati linasema mengi kuliko mama Subilaga.

Fomu ya ridhaa aliisaini kwa dole gumba.
Wino uliobaki akaupangusia jani la mgomba,
akauliza: Hii alama yangu inakwenda wapi?
Nikamwambia: Kabatini. Kabati lina kufuli.
Akacheka kidogo.
"Mwanangu naye alikuwa na kufuli."

Hilo nimelinakili kama lilivyo.

Mwanawe namwita Ambakisye. Silo jina lake.
Jina lake nalo liko kabatini.

Swali la tatu:
*Katika majuma mawili yaliyopita,
umesumbuliwa mara ngapi na kukosa usingizi?*
Wataalamu walilitafsiri, wakalirudisha, wakalitafsiri tena,
likatoka limenyooka kama shati la mtumba lililopigwa pasi.
Mama alilisikiliza hadi mwisho, akachochea moto.

"Huku kwetu hilo si swali la hospitali.
Hiyo ni salamu. *Ugonile?* Umelala?
Kila asubuhi alipita hapo, ndoo ya maziwa mkononi,
namuuliza *ugonile*, ananijibu *ngonile, mama*,
mimi nageukia sufuria.
Miaka ishirini na sita niliuliza,
na hakuna siku aliyokosa kunijibu.
Nani, mwanangu, husikiliza jibu la salamu?"

Neno lenyewe hakulitaja.
Majirani hulitaja, wakishusha sauti
kama wapitao karibu na mtoto aliyelala.
Yeye alisema "siku ile",
na siku ile ilikuwa moja tu.
Mchungaji hakuja mazikoni. Alikuja mwezi wa pili,
akanywa chai, akasema *ndaga*.
*Ndaga* ni asante, na *ndaga* ni pole.
"Mpaka leo," mama akasema, "sijajua aliniletea ipi."

Alhamisi tulikaa kikao, nyuso kumi na moja kwenye kioo cha kompyuta.
Mwenzetu wa milima ya Peru alisoma maneno ya mjane:
*moyo ulikuwa mwepesi mno, haukuwa na uzito wa kumshika chini.*
Wa Sri Lanka akasoma ya baba mmoja
aliyezungumzia bei ya mpunga saa nzima,
na mwishoni kabisa akasema: *angeniambia tu.*
Kiongozi wetu anataka mada. Kila mada ina rangi:
aibu ni njano, deni ni kijani,
upweke umepewa bluu, sijui kwa nini.
Nikapita na kalamu juu ya maneno ya mama Subilaga,
njano haikushika, bluu haikushika.
Nikaiacha karatasi jeupe lake.

Nimebakiza dakika tatu za kunakili, na siku nne sasa
nazizunguka kama mbwa azungukavyo mahali pa kulala.

Dakika ya hamsini na mbili
nilikuwa natoa mfukoni sabuni mbili,
shukrani ya mradi kwa muda wake.
Kanuni ya kunakili haina utata:
MT ni mtafiti, MH ni mhojiwa;
kimya kikizidi sekunde tano kiandikwe,
na iandikwe ni cha nani.

MH: Na wewe, mwanangu? Ugonile?
MT: (kimya, sekunde kumi na moja; mvua)
MH: Haya. Sogea huku penye moto.
Kizime hicho kidude chako.

Nikakizima.
Yaliyofuata hayamo kwenye mkanda, wala sitayaandika,
ila kwamba ndizi alizochoma zilikuwa tatu
na mbili zilikuwa zangu.